Namba Chini ya Sanamu

Kwa miaka kumi na tisa Myron Dzubak alikuwa mtu wa kwanza kuingia maktaba ya chuo na wa mwisho kukumbukwa. Saa kumi na mbili asubuhi alifungua mlango wa nyuma, akatundika koti, akachota maji, akaanza kupiga deki ghorofa ya chini. Hakuwa mtu wa maneno. Wanafunzi walipopita alijibana ukutani na ndoo yake kama mtu anayepisha lori. Lakini sakafu ile aliijua kigae kwa kigae, jinsi ulimi unavyoyajua meno, na ndiyo maana yeye, si profesa wala mlinzi, ndiye aliyegundua kwamba sanamu ilikuwa inageuka.

Sanamu iliitwa Mtu wa Zamu. Aliitengeneza mchongaji mmoja, mwanamke aitwaye Corinne Vastola, kwa heshima ya kiwanda cha chuma kilichoulisha mji wa Kordell kwa miaka themanini kabla hakijafungwa. Alinunua gogo la chuma kwa wauza vyuma chakavu, gogo refu kuliko mtu, la tani tatu, akalikata kwa moto hapa na pale mpaka likatoa umbo la mtu aliyeinamisha kichwa na kukunja mabega. Uso hakumwekea. Siku ya uzinduzi palikuwa na jibini na divai, na watu walisema maneno mazuri juu ya wafanyakazi. Mtu pekee mle ndani aliyewahi kufanya kazi kiwandani alikuwa Myron, naye alisimama pembeni na ufagio, akingoja wageni waondoke afagie makombo.

Jambo la kwanza lilikuwa joto. Chuma kilichokaa ndani ya jumba la mawe mwezi wa Novemba huuma mkono. Hiki hakikuuma. Myron alipokifuta vumbi asubuhi ya kwanza alihisi joto la ubavu wa ng'ombe aliyelala. Akavuta mkono. Akalitazama tambara: lilikuwa jeusi, na lilinuka kiberiti na moshi. Sanamu ilikuwa imesuguliwa kwa dawa na kupakwa vanishi, isingeweza kutoa masizi, lakini masizi yalikuwa pale. Alilinusa tena. Hiyo ilikuwa harufu ya koti la baba yake.

Mwezi wa Januari, chuo kikiwa likizo, mitambo ya joto iliharibika siku tatu. Myron alipokuja alikuta maji ya ndoo aliyoiacha mlangoni yameganda, ndoo yenyewe imepasuka. Ndoo aliyoiacha miguuni mwa sanamu ilikuwa na maji, na juu ya maji ulitembea mvuke mwembamba.

Wanafunzi waliporudi wakapapenda mahali pale bila kujua kwa nini. Walilala kwenye mazulia karibu na sanamu, vitabu vifuani. Msichana mmoja alimsimamisha Myron.

"Mzee, samahani. Hiki kitu kina mota ndani?"

"Hakina."

"Hata feni?"

"Ni chuma kitupu, binti."

Msichana akakusanya madaftari yake taratibu. "Sasa ni nani aliyekuwa anahema?"

Halafu ndiyo ikaja habari ya kugeuka. Ncha ya mguu wa sanamu, iliyokuwa imelingana na mstari wa kigae, mwezi wa Februari ilikuwa imeuvuka kwa upana wa kidole. Myron akatoa penseli ya nyuma ya sikio akaweka alama. Kufikia majira ya kupukutika majani alikuwa ameweka alama nne. Akaona haifai kukaa na jambo kama hilo peke yake, akamwambia Delphine.

Delphine Tolliver alikuwa karani wa mapokezi. Meza yake ilikuwa katikati, kati ya sanamu na dirisha kubwa. Alikuwa mwanamke mweusi mnene wa miaka hamsini na minne, mwenye miwani ya mnyororo, na katika jengo lote ndiye mtu pekee ambaye Myron alizungumza naye bila kutazama viatu vyake.

"Imegeuka tena," Myron alisema.

"Nani kageuka?"

"Huyu."

Delphine alishusha miwani. "Myron, kaka yangu. Hicho kitu kina tani tatu. Mimi tu nikikaa chini kuinuka ni kazi, sembuse hicho."

"Nimeweka alama. Njoo uone."

Alikuja na kikombe chake cha kahawa, akainama, akaitazama ile mistari minne ya penseli.

"Jengo linadidimia," alisema. "Mji mzima huu unadidimia, wewe hujui?"

"Inatazama dirishani. Inatazama kilimani." Myron alionyesha kwa kidevu. Nje ya dirisha, ng'ambo ya mto, kilionekana kilima na kanisa la akina Dzubak lenye kuba tatu za kijani, na makaburi nyuma yake. "Gusa."

"Niguse nini? Mimi mwanamke wa kanisani." Lakini aligusa. Akakauka. Kisha akacheka kicheko kifupi, akairudia meza yake. "Kilimani wapi! Inanitazama mimi. Wanaume wote wa Kordell wamenichoka, kabaki huyu asiye na uso. Ndiyo bahati yangu hiyo."

Akavuta karatasi yake ya bahati nasibu, kama alivyofanya kila asubuhi, akaijaza: nne, sifuri, saba, moja.

"Siku moja badilisha namba," Myron alisema, kwa kuwa alisema hivyo kila asubuhi.

"Sibadilishi. Ni namba ya kibati cha baba, kile walichovaa shingoni kiwandani na kukiacha getini wakitoka. Alipokea mshahara Ijumaa, akatundika kibati chake ubaoni, akapita getini, hajarudi mpaka leo. Mama alipokwenda kuuliza wakamwonyesha: hiki hapa, kimetundikwa, mumeo katoka kwa miguu yake. Mimi nilikuwa na miezi minane. Mama kamlaani mpaka siku anakata roho." Akalamba ncha ya penseli. "Namba yake basi inilipe. Lakini ndiyo hivyo, baba mtoro, namba mtoro."

Myron alitikisa kichwa kwa huruma, akarudi kwenye deki yake. Mawazo yake yalikuwa kilimani.

Baba yake aliitwa Metro Dzubak. Alianguka ndani ya chungu cha chuma kilichoyeyuka mwaka 1959, zamu ya asubuhi, Myron akiwa na miaka sita. Hapakuwa na maiti ya kuoshwa. Katika bonde lile watu walikuwa na desturi yao kwa msiba wa namna hiyo, na hata mabwana wa kiwanda hawakuthubutu kuivunja: chuma kilichommeza mtu hakiuzwi. Kinamiminwa gogo moja. Wenzake wanaligongea kitakoni namba ya kibati chake, kwa nyundo na patasi, kwa mkono, kisha wanalifukia kando ya mto kwenye vilima vya mavi ya chuma, takataka za tanuri. Namba ya Metro ilikuwa 2217. Mama yake Myron, Nastia, aliiandika ndani ya kitabu cha sala, akaitarizi kwenye kona ya kitambaa cha meza. Kule kilimani alinunua kaburi la watu wawili, akachonga majina mawili jiweni. Yeye akalala upande wa kushoto. Upande wa kulia hauna kitu.

"Mlete," alimwambia Myron siku zake za mwisho. "Sitaki kulala na udongo mtupu ubavuni."

"Nitamleta, mama."

Aliahidi hivyo mwaka ule ule matingatinga yalipoufumua ukingo wa mto. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, mnunuzi alitaka kujenga maghala, na kila chuma kilichofukuliwa kilipakiwa kwenye treni. Myron alikimbia huku na huko akiuliza, kwa sauti yake ile isiyofika popote, na hakuna aliyesimamisha mashine. Tangu hapo, kila Usiku Mtakatifu wa Krismasi yao ya Januari, ya kalenda ya kale ya kanisa lao, alitenga mahali pawili mezani kwa wafu wake, na kabla ya kukaa alikipuliza kwanza kiti, kama walivyofanya wazee wake, asije akaikalia roho iliyofika mapema. Kiti cha mama alikiona kimejaa. Cha baba, hapana. Hakuweza kueleza zaidi ya hapo.

Sasa gogo lilikuwa limesimama maktabani, lina joto, linanuka kama koti la baba, na linageukia kilima alikolala Nastia. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini?

Mwezi wa Oktoba kigae kimoja kilipasuka, kisha vitatu. Mkurugenzi wa maktaba, Dakta Pruett, akatoa tangazo: sakafu haihimili uzito, Mtu wa Zamu ataondolewa kabla ya sikukuu na kurudishwa kwa mchongaji, ambaye ana mpango wa kuiyeyusha sanamu na kutengeneza kazi mpya.

Myron alilisoma tangazo mara tatu. Siku hiyo hiyo baada ya kazi alikwenda kumwona Harry Kocak, mzee wa miaka themanini na minane aliyekuwa kundi moja na baba yake, katika nyumba ya wazee iliyo juu ya barabara ya reli. Mzee alikuwa amekaa na blanketi magotini.

"Mjomba, zile namba. Mliziweka kila gogo?"

"Kila moja. Kitakoni, ndani ndani, zisifutwe na kutu."

"Hamkuacha hata mmoja?"

"Hata mmoja." Mzee Harry alitazama mikono yake. "Hata yule tuliyeambiwa tufunge midomo. Midomo tuliifunga. Lakini namba tuligonga."

Myron alisikia neno "kila moja" tu. Alishukuru, akaondoka, na njia nzima alikuwa akijifunza maneno atakayosema kesho.

Kesho yake alisimama mbele ya meza ya Dakta Pruett kofia mkononi. Corinne Vastola naye alikuwepo, amekuja kupanga safari ya sanamu yake.

"Bwana Dzubak," Dakta Pruett alisema. "Kuna tatizo la choo tena?"

"Hapana, mama." Maneno yote aliyojifunza yakamtoka kichwani. "Yule mle ndani. Huenda ni baba yangu."

Akaeleza, kwa kukwamakwama, akitazama kona ya zulia. Alipomaliza jasho lilikuwa likimtiririka kama mtu aliyebeba magunia. Corinne ndiye aliyesema kwanza, naye sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Walikuwa na magogo saba pale uwanjani. Nilinunua moja. Sita yalikwishapakiwa, yakaenda kuyeyushwa. Kitako chake sijawahi kukiona. Lilikuwa na tope lililoganda kama saruji, nikalisimamisha hivyo hivyo. Nilipokuwa nikikata... nilikuwa napata ndoto. Nilidhani ni moshi wa gesi."

Dakta Pruett hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yaliyoandikwa. Kabla ya saa sita walikuwa na karatasi ya mistari mitatu: ikiwa kitakoni mwa sanamu imegongwa namba ya mfanyakazi, itakabidhiwa kwa ndugu zake wazike watakavyo. Ikiwa haipo, itakwenda kuyeyushwa. Myron alitia sahihi kwa herufi za shule, polepole.

Waliinyanyua Jumatatu ya mwisho wa Novemba, asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia. Fundi alikuwa Kozar, mtu wa tumbo kubwa, na vijana wawili wa kusukuma jeki. Dakta Pruett na Corinne walisimama karibu na rafu. Delphine alikuwa mezani kwake, anajaza karatasi yake ya bahati nasibu kama siku zote, lakini penseli haikwenda.

Jeki zililia. Sanamu ikaachana na sakafu kwa sauti ya kubanduka, kama kidonda na bandeji, na vumbi jeusi likaenea vigaeni. Wakasukuma mbao nene chini yake, kushoto na kulia, upana wa mtu kulala.

"Nani anaingia?" Kozar aliuliza. "Msinitazame mimi. Nikiingia hapo mtanizika humo humo."

"Naingia mimi," Myron alisema.

"Wewe unafaa. Upo kama ufagio wako."

Akalala chali, akajisukuma kwa visigino, tochi mkononi na patasi ndogo ya kubandua tope. Juu ya uso wake, umbali wa shubiri moja, zilikuwa tani tatu. Joto lake lilimshukia usoni. Aliweza kusikia chuma kikilia ndani kwa ndani, tik, tik, kama jiko linalopoa. Akabandua. Tope lilianguka vipande vipande shingoni mwake. Ikatokea tarakimu moja, kubwa, iliyogongwa kwa hasira au kwa majonzi, ukingo wake mmoja ndani kuliko mwingine.

Nne.

Akadhani ni mbili iliyoharibika. Akabandua tena haraka, akijikwaruza vidole. Sifuri. Saba. Moja.

Alilala pale. Hakuiwaza kwanza kuwa ya nani. Aliwaza tu kwamba siyo ya baba, kwamba baba alikuwa katika yale sita, na yale sita yalikuwa sasa milango ya magari, nguzo za madaraja, visu, misumari. Akamwona mama yake na udongo mtupu ubavuni.

Ndipo likamjia wazo jingine, kimya kimya kama paka. Huku chini hayupo mwingine. Akitoka na kusema 2217, nani atalala chali kuhakikisha? Karatasi ipo, sahihi ipo. Kesho gogo linapanda kilimani, upande wa kulia unajaa, jina liko tayari jiweni. Mama angejuaje?

Mara chuma kikapoa. Hakikupoa polepole. Kilipoa kama mtu anapozima taa. Baridi ikamshukia usoni, kali, baridi ya kitu kilichokaa miaka mingi chini ya ardhi, na pumzi yake ikawa moshi mbele ya macho yake. Ile tik tik ikanyamaza. Kikawa kimya cha mtu anayesikiliza atajibiwa nini.

"Myron!" Kozar aliita. "Umelala?"

"Ipo?" Dakta Pruett aliuliza.

Na sauti ya Delphine, ya chini, bila mzaha hata kidogo: "Kaka, ipo?"

Hapo ndipo Myron alipokumbuka mstari wa penseli, na kilichokaa kati ya sanamu na dirisha. Miezi ile yote alikuwa ametazama mbali mno.

"Namba ipo," alisema. Sauti yake iligonga chuma ikamrudia. "Siyo ya baba yangu. Delphine, usiinuke hapo ulipokaa. Soma hiyo karatasi yako. Soma kwa sauti."

Kiti kililia. "Hii ya bahati nasibu?"

"Soma, dada."

"Nne," Delphine alisema. "Sifuri." Akakoma. Wote walisikia penseli ikianguka na kubingirika vigaeni. Hakumalizia. Myron ndiye aliyemalizia, akiwa chini ya chuma, na aliposema "moja" joto lilirudi, likamkaushia machozi mashavuni kabla hajajua kwamba analia.

Lonzo Tolliver, baba yake Delphine, hakuwa amemkimbia mtu yeyote.

Siku ya pili walikwenda wawili kwa mzee Harry. Delphine hakuvua koti. Alivuta kiti akakaa, magoti yake yakikaribia ya mzee.

"Mimi ni binti ya Lonzo."

"Najua," mzee Harry alisema. "Una paji lake."

"Nataka jambo moja tu, baba. Nani alikitundika kile kibati? Mama yangu alikufa na kile kibati moyoni."

Mzee alimtazama Myron. Akatazama dirisha. Treni ilipita chini, ndefu.

"Mnyapara alisema kulipa fidia ya mtu mweusi ni kuwafungulia mlango wote. Akasema atakayepayuka, kazi hana. Tulikuwa na watoto." Alipangusa mdomo. "Kibati kilimvuka shingoni alipoanguka, kikabaki juu ya ngazi. Mnyapara akampa Metro. Kitundike, kamwambia. Metro akakitundika."

"Baba yangu," Myron alisema.

"Baba yako. Na nyundo ya kugonga namba aliishika yeye pia, hakutaka mwingine. Aligonga akilia. Baada ya hapo hakusema sana na mtu. Miaka miwili mbele akafuata njia ile ile, ngazi ile ile. Wengine walisema aliteleza." Mzee Harry akafumba macho. "Mimi nilikuwepo. Sikuona kuteleza."

Walishuka ngazi. Nje theluji ilikuwa imeanza. Delphine alitembea mbele, akafika kwenye gari lake, akasimama mkono juu ya mlango, mgongo wake ukiwa kwa Myron.

"Usinipigie simu," alisema. "Nitakapokuwa tayari nitasema mwenyewe."

"Sawa, dada."

"Na usiniite dada."

Lonzo alizikwa wiki ya pili ya Desemba, nyuma ya kanisa la akina Tolliver, kwa lori la kreni na kwaya. Myron alisimama nje ya ua, kofia mkononi, barabarani, mahali ambapo hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza. Gogo liliposhushwa aliona theluji ikiyeyuka juu ya mabega yake ya chuma. Kisha udongo ukarudishwa, na theluji ikaanza kukaa juu ya kaburi kama juu ya makaburi mengine yote. Corinne Vastola alilia kuliko watu wa familia. Maktabani pakabaki duara la vigae vipya na, pembeni yake, mistari minne ya penseli, ambayo Myron aliipitia na deki kila asubuhi bila kuifuta. Delphine alijibu salamu zake, basi.

Ikafika jioni ya Januari sita. Myron alitandika majani makavu chini ya kitambaa cha mama, akapanga vitunguu saumu na asali, uyoga, maharage, mkate. Akaweka sahani tatu: yake, ya mama, ya baba. Hodi ikapigwa. Delphine alikuwa mlangoni na bakuli lililofungwa kwa taulo.

"Ulisema mnakula bila nyama," alisema. "Nimepika viazi vitamu. Usiponiingiza navimwaga hapa hapa."

Akaingia. Akazitazama zile sahani, akaitazama namba iliyotariziwa konani. Myron akaleta ya nne.

"Mnapuliza, siyo?" Aliinama, akakipuliza kiti chake, pumzi ndefu. Kisha akakigeukia kiti kitupu kilichokuwa mbele ya sahani ya Metro, akakaa anakitazama muda mrefu sana. "Na wewe, mzee. Umefika, au bado unaona haya? Kaa. Nina maneno na wewe, lakini kula kwanza."

Wakala. Walizungumza kidogo, habari za theluji na Dakta Pruett. Delphine alisema amebadilisha namba. Aliposindikizwa mlangoni alisema, "Usiku mwema, kaka," na neno hilo Myron alilibeba kurudi nalo mezani kama mtu anayebeba yai.

Alipokusanya vyombo, alianza na vya mama, kisha vya baba. Sahani ilikuwa safi, haikuguswa na mtu. Alichukua kijiko, kijiko cha kawaida tu cha chuma, cha dukani, alichokinunua na vingine vitano mwaka mmoja baada ya treni kuondoka na vyuma vya kando ya mto.

Kilikuwa na joto. Na vidoleni mwake kiliacha masizi.

Hakukiosha. Kulipopambazuka alikifunga ndani ya leso, akachukua koleo, akavuka daraja, akapanda kilima. Mwezi ule wachimba makaburi wa Kordell hawamziki mtu, maiti zinangojea majira ya machipuko, kwa sababu ardhi inakuwa mwamba. Njiani alijaribu kuipiga koleo ardhi kando ya kaburi la mtu mwingine, na chuma kikaruka kikimtia ganzi mikononi.

Alifika penye jiwe la majina mawili. Akasimama upande wa kulia. Akapiga.

Koleo likazama mpaka mpini, kama katika bustani mwezi wa Mei, na kutoka kwenye shimo ukapanda mvuke.